Ex Si Mtoro

Filamu ile niliijua kabla sijaiona. Picha yake ya mwanzo ilitosha: mwanamke amekunja mikono kwa hasira, mwanamume amesimama nyuma yake anatabasamu kama mtu aliyeficha funguo zako, na katikati yao mbwa. Ukishaona mbwa, hao wataoana. Yanayobaki ni saa moja na nusu ya kupoteza umeme.

Ilikuwa Jumapili, saa nane mchana. Tulikuwa tumetoka misa, tumekula, na umeme ulikuwepo. Mambo hayo matatu yakikutana nyumbani kwetu Kikula, mtaa wa Likasi, mama yangu haachi televisheni ilale. Kwake ni sawa na kumwaga chakula. Flashi yetu hujazwa na muuza filamu wa sokoni ambaye hana habari na majina ya filamu. Yeye huzipanga katika mafaili manne aliyoyabatiza mwenyewe: Vita, Yesu, Nijeria na Mapendo. Siku hiyo mama alichagua Mapendo, na hakuchagua kwa bahati mbaya.

Saa kumi tulikuwa na wageni. Mwanamume aliyenichumbia miaka minne iliyopita, kisha akaenda Kolwezi kuendesha lori "kwa miezi miwili tu", alikuwa ametuma ujumbe kupitia kwa mjomba wake kwamba anarudi na kwamba nia yake haijabadilika. Nia haikubadilika, ila namba ya simu ilibadilika mwezi wa tatu tangu aondoke, na ile mpya hakunipa. Miaka minne sikupata hata salamu yake. Machache niliyoyajua niliyapata kwa madereva wenzake: yupo, amenenepa, amezaa na mwanamke wa huko, hapana, wameshaachana. Sasa alikuwa amekumbuka njia ya Likasi.

Kwetu posa huja na kreti ya vinywaji. Kreti huwekwa katikati ya sebule na hakuna anayeigusa mpaka baba wa nyumba amgeukie binti yake mbele ya watu wote na kumuuliza: "Tukunywe?" Binti akijibu "Mukunywe," amemkubali mtu. Akisema wasinywe, kreti inarudi ilikotoka na vizibo vyake vyote. Miaka minne iliyopita nilijibu "Mukunywe" kwa sauti ambayo shangazi zangu walisema ilikuwa kubwa mno kwa binti. Saa kumi ile ningeulizwa tena, na jibu sikuwa nalo.

Uongo. Nilikuwa nalo. Jumamosi nzima nilikuwa nimekaa kitini kwa msusi, na mtu wa kukataa hasukwi nywele nyembamba namna ile. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, mwalimu wa Kifaransa, mtu wa kuwasahihisha wengine, na nilikuwa tayari kusema mukunywe. Nalisema hili mapema ili nitakapoanza kuicheka filamu, ijulikane ni nani anayecheka.

Mama naye alitaka niseme ndiyo. Alikuwa amechoka kuulizwa habari zangu kila anapotoka kanisani. Kwa hiyo aliniwekea filamu ya mapendo ili nilainike, kama samaki mkavu anavyolowekwa kabla hajatiwa sufuriani.

Filamu zote za faili lile husema Kifaransa, na Kifaransa cha mama ni cha sokoni: salamu, mabishano na matusi mawili. Mimi ndiye mkalimani wake. Baba hahitaji mkalimani, lakini hasemi. Hukaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, macho yamefumbwa, na ukidhani amelala umekosea. Zamani alikuwa pointeur wa kampuni ya migodi, yaani yule mtu wa kusimama getini na orodha king'ora kinapolia, akitia alama nani amekuja na nani hakuja. Kisha siku moja kampuni iliwaaga wanaume wengi kwa pamoja, kila mmoja na karatasi yake, naye akiwamo. Tangu siku hiyo yeye na wenzake wana jina moja mjini: ex. Hawajafa, hawakustaafu, hawana kazi, ni ex. Wana mikutano yao, wana benchi lao kanisani, na mtoto akiulizwa shuleni baba yake anafanya nini, hujibu "Ni ex," na mwalimu anaandika hivyo hivyo. Mimi mwenyewe nimeandika hivyo mara nyingi.

Filamu ikaanza. Mwanamke anaishi katika mji mkubwa, ana viatu vinavyogonga sakafu na simu isiyonyamaza, kwa hiyo hana furaha. Ili tusikose kuelewa, anamwaga kahawa. Katika filamu hizi kahawa hainywewi, humwagwa, na kila inapomwagika mtu anapata mchumba. Mimi nimemwaga chai mara nyingi maishani mwangu na nilichopata ni kitambaa cha kupangusia.

Ana mchumba tajiri ambaye kosa lake lote ni kupokea simu mezani. Halafu bibi wa mwanamke, mzaa mama, anakufa. Mabibi wa filamu hizi hufa kwa adabu sana, bila kuugua, bila kilio, bila mtu kulala chini kwenye mkeka. Bibi anamwachia duka la mikate katika mji mdogo wenye theluji, naye anakwenda kuliuza. Mama hakukubali kuendelea mpaka ajue habari za msiba.

"Matanga ilikuwa wapi?"

"Habakuonyesha, Mama."

"Na chakula? Nani alipika?"

"Habakuonyesha."

"Kama habakuonyesha, basi habakupika," alisema, na kuanzia hapo hakuwaamini tena wale watu.

Mji ule mdogo una watu wengi tu, lakini wa kwanza ambaye mwanamke anakutana naye lazima awe yule wa kwenye picha. Ni mwanamume wa shati la miraba, ameshika shoka, anapasua kuni kwenye theluji, na mbwa wake kando. Mwanamke anajificha nyuma ya gari na kumnong'oneza rafiki yake kwenye simu. Nikatafsiri bila kufikiri:

"Anasema ule muntu ni ex yake."

Mama akaketi wima. "Ex?"

"Ex."

"Hata kule kwabo ba-ex beko?"

"Beko mingi, Mama."

Akamtazama yule wa shoka kwa muda. "Masikini," akasema. "Njo maana anapasua kuni."

Hapo ningemsahihisha. Sikumsahihisha. Ubaya wangu ni huo, nilitaka kuona itaishia wapi. Na tangu dakika ile mama alikuwa anaangalia filamu nyingine kabisa, nzuri kuliko yangu. Katika filamu yake kulikuwa na mwanamume aliyeachishwa kazi, ana shati moja tu analolirudia, anauza kuni, na juu ya taabu zake zote ana mbwa wa kulisha. Mchumba tajiri akawa mkuu wa wafanyakazi, yule anayegawa karatasi. Kila tajiri alipotokea mama alisonya.

Mimi nilibaki na filamu yangu, ambayo ilikuwa inafanya yote iliyopaswa kufanya. Walitupiana unga dukani, wakacheka, wakanyamaza ghafla wakiwa wameganda karibu karibu, kisha mlango ukafunguliwa na mtu. Daima mlango hufunguliwa. Walikwenda kwenye sherehe ya kijiji ambako kila mtu anajua kucheza ngoma moja. Mvua ikanyesha, na kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha, wakatoka nje kuongea.

"Nyumba iko pale nyuma yabo," mama akasema. "Juu ya nini habaingie?"

"Banataka kuongea, Mama."

"Ndani habaongeake?"

Yule mwanamume akaongea kweli. Aliongea mpaka shati lake likawa limeganda mwilini, mambo ya nyota, ya utotoni, ya moyo uliobaki mlango wazi. Mama akanigusa goti.

"Anasema nini?"

"Anasema anamupenda."

"Maneno yote ile ni vile tu?"

"Vile tu."

"Banapoteza pumuzi," akasema.

Kisha ukaja ule mkanganyo. Hakuna filamu ya faili la Mapendo isiyo na mkanganyo. Mwanamke anamwona yule ex amemkumbatia mwanamke mwingine, na mwanamke mwingine, mbuzi wa kijiji kile pia wanajua, ni dada yake. Angeuliza, "Huyu ni nani?" angejibiwa, "Dada yangu," na sote tungerudi kwenye mambo yetu. Hakuuliza. Kwa dakika ishirini watu wawili wenye simu mbili na magari mawili walishindwa kuulizana swali moja, na huku nyuma mtu anapiga piano. Nilicheka kwa sauti. Halafu nikakumbuka kwamba mimi sikuwa na dakika ishirini, nilikuwa na miaka minne.

Mwanamke akafunga sanduku lake kurudi mjini na tajiri. Mama akashika kiti kwa mikono yote miwili.

"Asiende! Mwanamuke wa akili hatupake muntu juu ya vile balimufukuza kazi." Akanigeukia mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyepanda gari la tajiri. "Minye nilimutupa papa yenu? Siku alikuya na ile papier, nilimuambia nini? Nilimuambia, ingia ukule. Kesho yake asubui king'ora ikalia, akaamuka, akavaa viatu, akasimama ku mulango. Amesimama tu. Hana fasi ya kwenda. Nikamupa jembe. Tukaenda shamba, minye mbele, yeye nyuma."

Hadithi hiyo nilikuwa sijawahi kuisikia. Nilijua karatasi, nilijua shamba. Habari za viatu na mlango sikuzijua. Nilimtazama baba. Macho yake yalikuwa wazi, anaangalia dirishani, na mama alikuwa amesharudi kwenye filamu.

Uwanja wa ndege, bila shaka. Mwanamume wa shati la miraba akakimbia, akaruka mizigo ya watu, akapita walinzi ambao kazi yao pekee ilikuwa kumzuia na hawakumzuia. Akamkuta mlangoni kabisa, akasema tena ya nyota na moyo, wakabusiana, na abiria wote, watu wenye ndege ya kuwahi, wakasimama kupiga makofi. Mama naye akapiga makofi. Alikuwa na machozi.

"Unaona?" akaniambia. "Amerudilia ex yake. Na weye leo ufanye vile."

Saa tisa na nusu. Nikaona nikinyamaza sasa, nitakuwa nimekwenda kwenye posa yangu kwa kosa la tafsiri, tena mimi mwalimu.

"Mama, ex ya kwabo haiko ex ya hapa."

"Ni ya wapi?"

"Kwabo ex ni muntu mulikuwa naye pamoja, mukapendana, kisha akaenda."

"Nani alimufukuza?"

"Hakuna muntu alimufukuza. Alienda yeye-mwenyewe."

"Bila papier?"

"Bila papier."

Mama akaiangalia televisheni, ambako wale wawili walikuwa bado wanabusiana na theluji inaangukia ndani ya uwanja wa ndege, sijui kwa njia gani. Alionekana kama mtu aliyeibiwa. Kisha akamgeukia baba.

"Papa, unasikia? Alienda yeye-mwenyewe, na banamuita ex."

Baba hakugeuza kichwa. "Ule haiko ex," akasema. "Ule ni déserteur."

Ni neno la getini. Mtu aliyeacha kuja kazini bila kumwambia yeyote, pointeur alimwandikia hakuja, kesho hakuja, kesho kutwa hakuja, mpaka siku pointeur alipolifuta jina lake. Huyo ni mtoro. Baba alikuwa amefuta majina kama hayo kwa mkono wake, na nadhani hakuna kilichomuuma katika maisha yake ya ex kama kuchanganywa nao.

"Ex, banamufukuza," akaendelea, polepole. "Déserteur, anajifukuza."

"Na déserteur akirudi?" mama akauliza. Hakuna aliyekuwa anazungumzia filamu tena.

"Anaweza kurudi. Minye nilionaka bengine banarudi. Lakini mbele ya yote anasema fasi alikuwa. Ata kama alikuwa mu kaburi, aseme. Kisha njo tunafungula mulango."

Saa kumi na dakika chache wakabisha hodi. Mjomba alikuwa na suti na kofia. Mposaji mwenyewe alikuwa amenenepa kama madereva walivyosema, na nywele zake zimeanza kurudi nyuma, na alikuwa amevaa shati la miraba. Nasema kweli. Mama aliliangalia shati, akaniangalia mimi, na ilinibidi niume mdomo. Wakatua kreti katikati ya sebule. Moyo wangu ulikuwa unakwenda mbio, naona aibu kuliandika hilo baada ya kuwacheka watu wa theluji. Alikuwa bado na ule uso. Niliutaka.

Mjomba akasema ya kusema: kwamba wao na sisi tulikuwa tumekwisha kuitana buko, yaani wakwe, kwamba buko haifi, kwamba wamemrudisha mtoto wetu. Kisha mposaji akasimama, mikono nyuma kama mwanafunzi, akaanza. Kila barabara aliyopita aliuona uso wangu kwenye kioo cha lori. Hakuna usiku ambao hakutaja jina langu. Moyo wake ulikuwa kama nyumba ambayo mwenyewe amesafiri na ufunguo. Yalikuwa maneno mazuri, na yote yalitoka kwenye faili la Mapendo. Alisema kwa Kiswahili safi cha kwetu, lakini mama akaniinamia na kuninong'oneza:

"Anasema nini?"

"Anasema ananipenda."

"Vile tu?"

"Vile tu."

Alipokaa, baba alifungua macho, akajiweka sawa kitini, akanigeukia mbele ya watu wote.

"Mutoto yangu. Tukunywe?"

Binti haulizi, binti hujibu. Lakini mimi nilimgeukia mgeni.

"Ulikuwa wapi?"

Akamtazama mjomba. Mjomba akatazama kofia yake.

"Chérie," akasema, "bintu ya zamani tuiache. Tuanze mupya."

"Ni jibu moja tu. Ulikuwa wapi?"

Ningemsamehe mtoto. Ningemsamehe mwanamke wa Kolwezi, ningemsamehe hata ule uvivu wake wa simu, kama angesema tu: nilikuwa mahali fulani, na mtu fulani, niliona haya kurudi. Sentensi moja. Nilimngoja. Nilimngoja kwa nia njema kabisa, na nywele zangu nyembamba zinanivuta kichwa, na nilikuwa namwombea aseme.

"Minakupenda," akasema. "Ile njo ya maana."

Nikamgeukia baba. Miaka minne iliyopita sauti yangu ilikuwa kubwa mno. Safari hii ilibidi mjomba asogeze kiti ili asikie.

"Papa, musikunywe."

Hakuna aliyekimbia, hakuna aliyepiga piano. Mjomba alivaa kofia yake. Mposaji aliinama kushika kreti upande mmoja, na mama yangu, mama huyo huyo aliyeniloweka mchana kutwa, akasimama, akashika upande wa pili, wakaitoa pamoja hadi barabarani chupa zikigongana.

Nililia uani, nyuma ya nyumba, karibu na sufuria za mchana. Kilio cha kwenye filamu hakiharibu wanja wala hakitoi kamasi. Changu kilifanya vyote viwili. Niliporudi ndani nilikuwa nimeanza kufumua msuko wa kwanza. Mama akanipiga kofi la mkononi.

"Acha nywele. Kesho uko na kazi."

Nikakaa. Mama akatafuta rimoti chini ya mto. Baba alikuwa anamtazama mama, si mimi.

"Na weye," akamuuliza, "siku ile ya papier, juu ya nini ulibakiaka?"

Mama hakugeuka. Alikuwa anabonyeza rimoti ambayo betri zake zimechoka.

"Nani alikuambia nilibakiaka? Nilikosa transport."

Baba akacheka mpaka akakohoa, mpaka ikabidi nimletee maji. Niliporudi na kikombe, mama alikuwa ameshachagua faili la Vita.